Karafuu iliyounguza mgongo: vipimo vya mafuta ya kunukia kwa mkandaji

Swali: Mimi ni mkandaji hapa Nungwi, Unguja. Wageni wanapenda harufu ya viungo, kwa hiyo nilichanganya mafuta yangu mwenyewe: nusu kikombe cha mafuta ya nazi, kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya karafuu na nusu kijiko cha mafuta ya ndimu. Mteja wa kwanza hakulalamika. Wa pili alisema mgongo unamwaka hata sijamaliza, na ngozi ikawa nyekundu. Wa tatu aliondoka salama akaenda kuota jua ufukweni, baada ya siku mbili akarudi ana mabaka ya kahawia mabegani. Wote niliwapaka kutoka chupa ileile. Kosa ni la mafuta niliyonunua sokoni au ni langu? Nipime vipi, na nani nisimpake kabisa?

Jibu: Inawezekana mafuta uliyonunua ni halisi kabisa, dada. Kwa maelezo yako, kilichokosewa ni kipimo, na chupa moja imekuletea ajali mbili zisizohusiana. Mteja wa pili ameunguzwa na karafuu. Wa tatu ameunguzwa na ndimu ikisaidiwa na jua. Wa kwanza amenusurika tu, maana ngozi hazilingani na pengine alipakwa kidogo kuliko wenzake.

Tupige hesabu ya karafuu kwanza. Nusu kikombe ni mililita 120 hivi, kijiko cha chai ni mililita 5, nusu kijiko ni 2.5. Chupa nzima ilikuwa na mililita 127.5. Gawanya 5 kwa 127.5, unapata karibu asilimia 4. Kikomo kinachofuatwa kwa mafuta ya karafuu kwenye ngozi ni nusu asilimia, kwa hiyo ulikuwa umekipita mara nane. Pua yako haikukuonya kwa sababu pua huzoea: ukishinda siku nzima na karafuu, mchanganyiko mkali utakunukia kama wa kawaida. Ndiyo maana katika kazi hii harufu haitumiki kupimia.

Kinachounguza ni eujenoli, kemikali inayoipa karafuu harufu yake. Mafuta ya karafuu zenyewe, ya makonyo (vijiti vyake) au ya majani, yote kwa sehemu kubwa ni hiyo eujenoli, kwa kawaida asilimia 70 hadi 90. Kidogo chake hutia ganzi, na ndiyo siri ya karafuu kwenye jino bovu. Kikizidi huwasha na kubabua ngozi. Shida nyingine ni kwamba joto lake huanza taratibu, na mteja aliyelala kifudifudi hulidhani ni utamu wa masaji mpaka limeshakuwa moto.

Huenda ukauliza mbona bibi harusi husingwa, yaani husuguliwa mwili, kwa singo lenye viungo chungu nzima na haungui. Karafuu iliyosagwa bado imeyafungia mafuta yake ndani ya unga, na unga huo umechanganywa na liwa na maua. Mafuta yaliyotolewa kwa mvuke ni kitu kingine. Karafuu kavu nzuri hutoa mafuta asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake, kwa hiyo kile kijiko chako kimoja ni sawa na gramu 30 hivi za karafuu, yaani karafuu mia tatu na ushei, zimekamuliwa nguvu zote zikawekwa mgongoni pa watu watatu. Hakuna somo anayemsinga mwari kwa kiasi hicho.

Sasa ndimu. Kwenye chupa yako ilikuwa karibu asilimia 2. Mafuta ya ndimu hupatikana kwa njia mbili. Kuna ya kukamua maganda bila moto, na kuna ya mvuke. Yale ya kukamua yana furanokumarini, kemikali ambazo zikikutana na miale ya jua juu ya ngozi huiunguza kutoka ndani. Molekuli zake ni nzito, hazipandi na mvuke, kwa hiyo mafuta ya ndimu ya mvuke hayana tabia hiyo. Kikomo cha ndimu ya kukamua, kwa ngozi itakayopigwa na jua, ni asilimia 0.7. Wewe ulikuwa karibu mara tatu ya hapo, na mteja akaenda moja kwa moja ufukweni. Uharibifu wa aina hii hauonekani papo hapo. Huanza kujitokeza baada ya siku moja, hukolea siku ya pili na ya tatu, kisha huacha weusi. Wauza juisi na wahudumu wa baa wanaokamua ndimu juani hupata mabaka hayohayo mikononi.

Kama lebo haisemi mafuta yamepatikanaje, yanuse. Ya kukamua hunuka kama ganda bichi unalolikwaruza kwa kucha, na mara nyingi yana ukijani. Ya mvuke hunuka kama soda ya ndimu, na rangi yake ni nyeupe au njano hafifu. Ukiwa na shaka yahesabu kuwa ni ya kukamua. Limau la kukamua nalo lina kikomo, asilimia 2. Bergamoti, jamii ya chungwa inayopendwa sana na watengeneza manukato, ni mbaya kuliko zote: asilimia 0.4. Chungwa tamu halina tatizo hili, na kwa mkandaji wa pwani hilo ndilo tunda la kushika. Kama lazima utumie ndimu kupita kikomo, mteja asikae juani kwa muda wa saa 12 baada ya kupakwa. Lakini mwambie mgeni aliyelipia safari ya kuja Nungwi kwamba asitoke nje, uone kama atakusikia.

Mchanganyiko uliobaki usiumwage. Chukua sehemu 1 ya hayo mafuta, ongeza sehemu 7 za mafuta ya nazi matupu. Karafuu itashuka hadi chini kidogo ya nusu asilimia, na ndimu hadi robo asilimia. Hapo yanatumika kwa mtu mzima mwenye ngozi nzima. Isipokuwa kama uliyaweka kwenye chombo cha plastiki na plastiki imelainika au imefifia: eujenoli hula baadhi ya plastiki, hasa ile ngumu inayong'aa kama ya vikombe vya kutupa, na hayo yamwage.

Kipimo. Acha vijiko, na matone yatumie kwa tahadhari. Vitabu husema mililita 1 ni matone 20, lakini kidondoshi cha chupa moja hutoa tone nene na cha nyingine jembamba, na mililita hiyohiyo inaweza kutoa matone 20 au 35. Nenda duka la dawa ununue mabomba ya sindano ya mililita 1, bila sindano. Yamegawanywa kwa alama za 0.1 au ndogo zaidi, na ndiyo kipimo cha bei nafuu chenye uhakika. Kila mafuta yawe na bomba lake. Mpira wa ndani huvimba na kunata baada ya kutumika mara kadhaa, hapo libadilishe. Ukipenda kuhesabu matone, vuta mililita 1 kwa bomba, itie kwenye chupa tupu yenye kidondoshi, uhesabu inatoka kwa matone mangapi, kisha uandike namba hiyo kwenye chupa.

Hesabu yenyewe ni rahisi ukifanya kazi kwa mililita 100: asilimia 1 ni mililita 1, nusu asilimia ni 0.5. Kwa masaji ya kawaida ya mwili mzima, jumla ya mafuta yote ya kunukia isizidi mililita 2 katika 100. Kwa ngozi nyepesi, kwa wazee na kwa mtu usiyemjua, anza na 1. Sehemu ndogo iliyochoka, kama bega moja au kiuno, inaweza kwenda hadi 3 kwa siku chache, ilimradi kila mafuta yanabaki chini ya kikomo chake. Watu wengi huteleza hapo. Asilimia 2 ni ya jumla, lakini ndani yake karafuu haizidi 0.5, mchaichai 0.7 na langilangi 0.8. Mafuta ya gome la mdalasini kikomo chake ni 0.07, yaani usiyaweke kwenye masaji kabisa. Mafuta ya majani ya mdalasini ni 0.6, lakini na hayo yamejaa eujenoli, hivyo ukiyachanganya na karafuu unajumlisha kitu kilekile: karafuu 0.3 na majani ya mdalasini 0.3 tayari umefika ukingoni. Lavenda haina kikomo cha namna hiyo, ila jumla ya asilimia 2 inaihusu kama wenzake.

Mfano wa chupa ya mililita 100 yenye harufu ya visiwani: karafuu 0.3, langilangi 0.3, chungwa tamu 1, lavenda 0.4. Jumla 2. Chukua chupa ya kioo cheusi au cha kahawia, iliyooshwa na kukauka kabisa, maana tone la maji lililobaki ndani hualika ukungu na kuharibu mafuta. Tia kwanza mafuta ya kunukia, karafuu ikitangulia na chungwa likimalizia. Tikisa taratibu, funika, yaache saa chache yashikane. Kisha mimina mafuta ya kuchanganyia mpaka ujae, geuzageuza chupa mara kumi hivi, uyaache hadi kesho yake. Usishangae harufu ya siku ya pili kuwa tofauti na ya kwanza: chungwa hutulia, karafuu na langilangi hujitokeza. Ndiyo sababu ya kutoongeza kitu siku ya kwanza eti haijanukia. Andika kwenye lebo tarehe, vilivyomo na vipimo vyake. Siku mteja akipata tatizo, karatasi hiyo itamsaidia daktari kuliko maneno.

Mgongo peke yake unahitaji mililita 10 hadi 15, mwili mzima 20 hadi 30, na mtu mwenye vinyweleo vingi zaidi ya hapo. Mimina kiasi hicho kwenye kibakuli kwa kila mteja, na kitakachobaki mwage. Ukichovya mkono uliotoka mwilini mwa mtu kwenye chupa kubwa, unapeleka jasho na maji ndani, na siku hizi za joto chupa nzima itavunda kabla ya wiki mbili.

Kuhusu mafuta ya kuchanganyia, nazi ni chaguo zuri. Huteleza, hayachachi upesi, na kwa joto la pwani hubaki maji. Huganda yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo kwenye chumba chenye kiyoyozi kali weka chupa ndani ya bakuli la maji ya moto. Yale ya kupika nyumbani yana harufu nzito ya tui inayopigana na langilangi, na yakiwa na maji yaliyobaki huvunda. Tafuta yaliyokamuliwa na kuchujwa vizuri, au yapashe moto mdogo hadi yaache kutoa mapovu, yapoe, uchuje kwa kitambaa. Ufuta ni mzito kidogo na hukaa mkononi muda mrefu, mzuri kwa kuchua misuli. Theluthi moja ya ufuta kwa theluthi mbili za nazi hunipendeza kuliko nazi peke yake. Alizeti ni jepesi na hupatikana kila duka, lakini huchacha haraka. Mafuta ya mnyonyo hunata, hayafai peke yake. Mteja mwenye mzio wa karanga, ufuta au lozi umuulize kabla, kwa sababu mafuta yaliyokamuliwa bila kusafishwa kiwandani hubeba ule mzio.

Maji hayamo kwenye orodha hii. Mafuta ya kunukia hayayeyuki katika maji. Ukiyadondosha kwenye beseni la kuogea yanaelea juu, na mteja akiketi yanamganda mwilini yakiwa makali kama yalivyotoka chupani. Chumvi haiyeyushi, maziwa nayo hayasaidii kama watu wanavyodhani. Changanya kwanza na mafuta ya nazi kijiko kimoja cha chakula, au na sabuni ya maji isiyo na harufu, ndipo utie kwenye beseni.

Kabla ya mteja mpya, mpake mchanganyiko wako tone moja ndani ya kiwiko. Kipimo halisi ni saa 24 hadi 48, na kwa mteja wa kudumu kifanye hivyo. Mgeni wa saa moja huwezi kumsubirisha siku mbili. Mpake alipofika, ongea naye dakika 15 hadi 20, ukiona wekundu au mwasho tumia mafuta matupu. Hiyo ya dakika chache hugundua muwasho wa kipimo kikubwa, haigundui mzio. Tofauti ni hii: muwasho hutokea palepale, mahali palipopakwa tu, na ukipunguza kipimo huondoka. Mzio hujitokeza baada ya siku moja hadi tatu, unawasha kwa kujikuna, unaweza kutambaa nje ya sehemu iliyopakwa, na mtu akishaupata tone dogo linatosha kuurudisha maisha yake yote. Muwasho unaorudiwarudiwa huifungulia njia mizio. Na hapa usimfikirie mteja tu: mikono yako ndiyo inayoshinda kwenye mafuta kila siku, na mkandaji aliyepata mzio wa karafuu au lavenda hulazimika kuziacha moja kwa moja.

Kwa wageni wa Ulaya kuna swali linalokuokoa. Sheria za huko zinataka vipodozi viandike kwenye pakiti majina ya viambato vya manukato vinavyojulikana kuleta mzio, na eujenoli, sitrali ya mchaichai, linaloli ya lavenda na limonini ya machungwa vimo. Mtu mwenye mzio wa manukato huko mara nyingi ameshapimwa na anayajua majina hayo. Muulize, "Una mzio wa manukato yoyote?" kabla hajavua nguo. Akisema ndiyo, nazi tupu.

Nani usimpake? Mjamzito katika miezi mitatu ya kwanza mpake mafuta matupu, na mkande kwa wepesi. Baada ya hapo unaweza kutumia lavenda au chungwa kwa asilimia 1 isiyozidi, alale ubavu, vizuri zaidi wa kushoto, lakini karafuu, mdalasini na kungumanga uziache mpaka ajifungue. Mtoto chini ya miaka miwili, nazi basi. Mkaratusi na peremende usivisogeze puani pa mtoto mdogo hata kama ana mafua, kwa sababu mvuke wake unaweza kumbana pumzi. Hili nalisisitiza maana ndilo kosa la majumbani: mama humpaka mtoto kifuani na chini ya pua akidhani anamfungua. Mwenye pumu, chumba kisifukizwe kitu. Mwenye kifafa, uepuke kafuri na rozmari. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama wafarini, au anayesubiri upasuaji, asipakwe karafuu wala majani ya mdalasini, kwa kuwa eujenoli nayo huzuia damu kuganda. Ngozi iliyobabuka kwa jua, yenye jeraha, fangasi au iliyonyolewa siku hiyo, usiipake chochote cha kunukia.

Kuna mmoja usimguse kabisa, na kwako Nungwi ni muhimu kuliko yote. Mgeni aliyeshuka kwenye ndege juzi baada ya saa nyingi za kukaa, na shavu la mguu mmoja limevimba, lina joto, linauma. Hiyo inaweza kuwa damu iliyoganda kwenye mshipa. Ukiuchua mguu huo unaweza kulikurupua bonge likaenda kwenye mapafu. Mpeleke hospitali.

Ulitaka kujua kama mafuta ya soko ni halisi. Pemba kuna kiwanda cha serikali pale Wawi, karibu na Chake Chake, ambacho watu hukiita cha makonyo, na hutoa mafuta ya makonyo, majani ya mdalasini, mchaichai na mkaratusi, kwa hiyo kitu halisi kinapatikana bila kwenda mbali. Lakini kati ya kiwanda na meza ya muuzaji kuna mikono. Jaribio la kwanza ni karatasi nyeupe. Dondosha tone moja, liache mahali penye hewa. Chungwa au mkaratusi halisi hukauka kwa saa chache bila alama ya mafuta. Karafuu na langilangi ni mazito, huchukua siku moja au mbili, na yanaweza kuacha rangi hafifu. Kikibaki kiduara kinachopitisha mwanga kama karatasi ya maandazi, yamechanganywa na mafuta ya kula. La pili ni glasi ya maji: karafuu ni miongoni mwa mafuta machache yaliyo mazito kuliko maji, kwa hiyo tone lake huzama. Likielea na kutandaa, muulize muuzaji amechanganya na nini. Maji yakigeuka meupe kama tui, kuna spiriti au kiyeyushi ndani. Majaribio haya hunasa udanganyifu wa kijinga tu. Anayeongeza eujenoli ya kiwandani humnasi kwa karatasi. Hapo nunua kwa anayeandika kwenye lebo jina la kisayansi la mmea, sehemu iliyotumika, nchi na namba ya mzigo. Karafuu ni Syzygium aromaticum, langilangi ni Cananga odorata, mchaichai Cymbopogon citratus. Chupa iliyoandikwa "waridi" au "asumini" kwa bei ya chungwa ni manukato ya maabara, yafaa kuwekwa kwenye nguo, si mwilini.

Langilangi ukiinunua iliyotoka Ngazija au kwingineko Komoro, utaona madaraja. Maua yake huchemshwa kwa mvuke saa nyingi, na mafuta hukingwa kwa mafungu: ya mwanzo kabisa huitwa ekstra, halafu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ekstra ni tamu na ghali, wenye manukato huigombania. Kwa masaji ile iliyokingwa yote pamoja, isiyotenganishwa mafungu, inatosha sana. Kwa vyovyote usiizidishe. Langilangi ikizidi huleta kichwa kuuma na kichefuchefu, kwa mteja na kwako.

Mafuta huzeeka. Chungwa na ndimu yakikaa wazi huungana na hewa, na kinachozaliwa humo huleta mzio kuliko mafuta yenyewe. Yakishafunguliwa yamalize ndani ya mwaka mmoja. Lavenda miaka miwili hadi mitatu. Karafuu huvumilia zaidi. Weka kwenye friji au kabati lenye giza, funga kifuniko barabara, na chupa iliyobaki robo ihamishie kwenye ndogo ili hewa isikae nyingi. Chungwa lililoharibika hunata shingoni mwa chupa na kunuka kama rangi ya mbao. Hilo sugulia sakafu.

Ukipenda kufukiza chumba badala ya kupaka, matone 3 hadi 5 kwenye kifaa cha mvuke yanatosha, nusu saa hadi saa moja kabla na wakati wa masaji, kisha uzime na ufungue dirisha. Paka wa nyumbani watoke nje kwanza, nanyi mnao wengi: ini lao halimudu kuvunja eujenoli na jamaa zake, na huugua kwa kiasi ambacho wewe hukihisi. 

Taulo na shuka zenye mafuta usizirundike kwenye kapu lililofunikwa, wala usizikunje zikiwa bado za moto baada ya kukaushwa kwa mashine. Mafuta ya alizeti na ufuta yakiwa yametandaa kwenye nguo hushika hewa na kutoa joto polepole. Rundo likilizuia joto lisitoke, nguo zinaweza kujiwasha moto zenyewe. Zifue siku ileile kwa maji ya moto na sabuni ya unga ya kutosha, uanike juani. Harufu ya kuchacha ikibaki kwenye taulo baada ya kufua, mafuta hayajatoka, ifue tena.

Siku mteja akisema anawaka, usikimbilie maji, maana hayaondoi mafuta. Futa kwa kitambaa kikavu, mpake mafuta ya nazi matupu kwa wingi, yafute, rudia mara mbili, ndipo umwoshe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu. Yakiingia jichoni, ni maji safi yanayotiririka kwa dakika 15, halafu hospitali. Mtu akiyanywa, hasa mtoto, usimtapishe. Mafuta yakirudi yanaweza kuingia kwenye mapafu. Mbebe na chupa yake mwende hospitali mara moja. Kijiko kimoja au viwili vya chai vya mafuta ya karafuu vinaweza kuliharibu ini la mtoto, kwa hiyo chupa zako zikae juu, mbali na mikono midogo.

Kuhusu yule mteja wa tatu: kama kuna malengelenge aende kwa daktari. Kama ni mabaka tu, asiyasugue wala asiyapake limau wala krimu za kung'arisha, ayafunike kwa nguo au losheni ya kuzuia jua kila anapotoka. Hufifia yenyewe, lakini kwa wiki kadhaa, pengine miezi, na ni bora umwambie hivyo leo kuliko ajue akiwa kwao. Yule wa pili, kama wekundu uliisha siku ileile, ilikuwa muwasho tu. Muulize hata hivyo kama siku zilizofuata aliwashwa au kutoka vipele. Akisema ndiyo, andika jina lake kwenye daftari lako na karafuu pembeni, na akirudi asiipate tena hata tone.